Nilisema ni Viroboto

Mimi hufundisha chekechea hapa Kimumu. Jumatatu moja nikiwa mwalimu wa zamu, nikikagua kucha na kola kwenye paredi ya asubuhi, nilimkuta Chebet anajikuna shingo yenye vipele. Nikamuuliza mbele ya wote, "Kwenu kuku hulala wapi?"

"Jikoni, mwalimu."

Basi daktari akawa ni mimi. Nikampigia mamake simu, nikamwambia apulize dawa ya viroboto.

"Lakini mwalimu, jana alikuwa na homa, na hivyo vipele vina maji. Si nimchukue tu akae nyumbani?"

Nikakataa, asikose masomo. Nikamketisha katikati ya wenzake.

Jioni zahanati ilisema ni tetekuwanga. Baada ya wiki mbili hivi darasa lilibaki nusu. Mimi pia shingo iliniwasha, nikailaumu sweta. Nikasimama paredi kuwaeleza wazazi walioleta watoto kwamba mtoto mwenye vipele akatwe kucha, na asije shule hadi vikauke. Kumbe najikuna nikiongea.

Chebet, ambaye alikuwa ameshapona, akainua mkono.

"Mwalimu, kwani hata kwenu kuku hulala jikoni?"