Tundu la Ijumaa

Hebu mwone anavyoingia, msomaji wangu: Hassane wa Quionga, ndevu nusu mvi, tochi mfukoni, kitambaa cha kufutia grisi begani. Amesimama ndani ya karakana ya Virgílio, mjini Palma, na hajaambiwa kaa. Virgílio anauza vyombo vyake ahamie Nampula. Kamtazama mgeni kuanzia malapa mpaka magotini, macho yakachoka hapo. Ndivyo alivyo bwana huyu. Sura za watu wadogo hazimhusu.

"Mzee, mashine ya kusaga mahindi iko sokoni. Hii inatoboa na kuchonga chuma."

"Chuma ndicho nilichofuata, Senhor Virgílio."

Hassane hutengeneza injini za boti nyumbani kwake, kwenye kibanda cha makuti. Hutoboa kwa drili ya mkono, chuma kakikanyaga kwa mguu, na tundu linatoka limepinda. Mashine ile aliihitaji kweli. Lakini alikuwa na haja nyingine, na hiyo ndiyo iliyomtoa Quionga alfajiri.

Miaka kumi na mbili nyuma alikuwa kibarua humu humu. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini akakuta meza ya mashine hii imetobolewa tundu pana, na Virgílio analifunika kwa kitambaa. Jioni Virgílio akawakusanya mafundi, akasema kibarua ndiye aliyeharibu, akamfukuza mbele yao. Jina likafika Quionga kabla ya mwenyewe: Hassane Mtoboa-meza. Miaka miwili hakuna aliyemletea hata baiskeli. Hata leo watoto wa jirani humwita hivyo, wala hawajui kwa nini.

Sasa akashika pale inapofungwa keekee, ncha ya kutobolea, akatikisa. Akazungusha mkono wa meza, mbele na nyuma, apime unazunguka bure kiasi gani kabla meza haijasogea.

"Rangi umepaka lini?"

"Juzi."

"Bibi umempaka wanja, meno hukumpa."

Virgílio akanuna. Hassane akamulika meza. Vidonda vidogo vingi, vya mafundi wa kila aina, na katikati lile tundu pana.

"Na hili?"

"Aa, kibarua mmoja wa huko kwenu. Kichwa kama nazi koroma. Nilimfukuza siku ile ile."

"Aliitwa nani?"

"Nani anakumbuka jina la kibarua, mzee?"

Nakwambia taratibu ulisikie vizuri neno hilo. Mtu kalivunja jina la mwenzake, halafu hata vipande hakuviokota. Hassane alikuwa kajiandaa kwa ubishi, kwa kiapo, hata kwa ngumi. Kwa kusahauliwa hakujiandaa. Akamtazama Virgílio kama unavyotazama samaki uliyemkuta kaoza sokoni: humgombezi, unapita tu.

"Niandikie karatasi ya kuuziana," akasema. "Jina kamili. Hassane Sufo, wa Quionga."

Virgílio akaandika. Kalamu haikusita, si kwenye Hassane, si kwenye Quionga. Akauliza tu kama Sufo huanza na S kubwa.

"Kwa watu, ndiyo," Hassane akamjibu.

Mashine ikafika nyumbani. Hassane akaanza kuviziba vidonda vya meza kimoja kimoja, anagonga kipande cha chuma, anasawazisha kwa tupa. Lilipobaki tundu pana, mkewe Alima akaleta chai, akasimama juu yake.

"Lizibe hilo nalo, baba Nazira. Sasa hivi majirani watakuja kuona mashine."

"Nikiliziba watasema nimeficha langu."

"Na ukiliacha watasema ndilo hilo, kalileta mpaka nyumbani."

"Basi niwaeleze."

"Miaka kumi na mbili unaeleza. Nani kasikia?"

Hassane akaiinamia meza. Kipande cha chuma alikuwa nacho mkononi, kimekatwa tayari kwa kipimo cha tundu lile, na nje mtu alishaanza kupiga hodi. Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, na unajua tundu ni la nani: ungeliziba, au ungeliacha?