Ubao wa Mama Soraya

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Latifa Asani anafungua dirisha la duka lake nyuma ya msikiti, mjini Kasongo. Wateja watatu tayari wameegemea ubao wa kaunta. Anawasalimu mmoja mmoja, anauliza habari za nyumbani, na wakati huohuo mikono yake inakata mche wa sabuni kwa waya mwembamba.

Mama Fatuma, mkulima wa miaka sabini na kitu, anaweka noti ya faranga mia tano juu ya ubao.

"Unipatie sabuni kidogo na chumvi, mutoto yangu."

Latifa anampa kipande cha sabuni, anapima chumvi kwa kijiko juu ya karatasi, kisha anachota tena kidogo na kuongeza. Nyongeza hiyo huku inaitwa matabishi, na bibi huyu haondoki bila kuipata.

Latifa ana miaka arobaini na minne. Mtaani wanamwita Mama Soraya, kwa jina la binti yake. Duka hili la chumba kimoja aliachiwa na mama yake, naye analiendesha kwa mwaka wa kumi na tisa. Ukimwona akihudumia watu watano kwa mpigo bila kumchanganya hata mmoja, huwezi kuamini kwamba mwaka jana alikaribia kulifunga, tena kwa kosa lake mwenyewe.

Mwaka huo, kando ya barabara kuu, lilifunguliwa duka kubwa la kujihudumia, lenye taa, rafu ndefu na mlinzi mlangoni. Watu wakamiminika kulitazama. Latifa naye alikwenda, akazunguka kati ya rafu, akarudi nyumbani kichwa kikiwaka moto.

"Nilisema, sasa mi nimekwisha," anakumbuka. "Watu wanapenda kitu ya kisasa. Basi na mi nifanye vile wale wanafanya."

Akamwita fundi seremala. Ubao wa kaunta, uliokuwa umelainishwa na viwiko vya wateja tangu enzi za mama yake, ukang'olewa na kukatwa katikati, ukawa rafu mbili. Chumvi na sukari zikafungwa katika vifuko vilivyoandikwa bei. Mlango ukaachwa wazi, na Latifa akaketi pembeni akisubiri watu waingie wajichukulie.

Hawakuingia. Walifika mlangoni, wakachungulia, wakasalimu, wakaenda zao. Mauzo ya siku, yaliyokuwa yakifika faranga elfu themanini, yakashuka hadi elfu kumi na mbili. Ada ya Soraya, anayesomea uuguzi, ilikuwa inatoka humohumo dukani. Baada ya wiki tatu, Latifa alianza kupanga kurudi kulima, na binti yake aache shule.

"Nililia," anasema. "Sitakuficha, nililia sana."

Aliyemfumbua macho ni Mama Fatuma, aliyemfuata nyumbani Ijumaa moja, uso umekunjamana.

"Mi niingie mu duka ya mutu, nikamate chumvi yake na mukono yangu, na mwenyewe iko pale ananiangalia tu?" alimuuliza. "Kesho kitu kikipotea, watasema ni nani? Unipe wewe! Ni vile mama yako alikuwa anafanyaka."

Mgeni anaweza kucheka. Lakini katika mtaa huu kitu cha dukani hupewa, na mkono wa mwenye duka ndio unaokifanya kiwe chako. Kule kwenye duka kubwa watu wanafuata utaratibu wa wenye duka, basi. Kwa jirani yako, ukijichukulia unajiona mwizi. Latifa alilijua hilo tangu utotoni, ila hofu ilimsahaulisha.

Jumatatu fundi akarudi, akaunganisha vile vipande viwili kwa vyuma na misumari. Kiungo kinaonekana mpaka leo, katikati kabisa, na chembe za chumvi hazikosi humo. Wateja walirudi siku hiyohiyo, wengine wakitania kwamba ubao umefanyiwa operesheni.

Mugisho, mchimba dhahabu anayetoka Lusangi kwa pikipiki, ameacha begi lake chini ya kaunta tangu jana.

"Kule kwenye duka kubwa, mulinzi anakunyanganya begi ku mulango, anakuangalia kama mwizi," anasema. "Huku Mama Soraya anakulindia begi, na anakuuliza kama umekula."

Duka kubwa bado lipo, na Latifa hana kinyongo nalo. Gunia lake la sukari analinunua hukohuko, kwa kuwa bei yao ya jumla ni nzuri.

"Wao wanauza gunia, mi nauza kijiko," anasema huku akicheka. "Kila mutu na kazi yake."

Na Chancelle, keshia wa duka hilohilo, hupita hapa kila jioni akitoka kazini. Hununua nusu kipande cha sabuni na mafuta ya mawese ya kupikia mara moja. Kwao havipatikani kwa kiasi hicho.

Soraya yuko mwaka wa mwisho wa masomo. Akishamaliza, Latifa anataka kufungua duka la pili Wamaza, ambako watu hutembea mbali kutafuta chumvi. Fundi ameshaagizwa kuanza na ubao, tena mzima. Kuta zitafuata.

Mama Fatuma, ambaye muda wote huu hajaondoka dirishani, anashtuka.

"Wamaza? Na huku nani atanipatia?"

"Ni mi mwenyewe, mama. Kule nitatuma mudogo wangu Faida. Mi sitoki hapa."

Bibi anafungua tena karatasi yake ya chumvi na kuisogeza juu ya kiungo cha ubao.

"Basi ongeza kidogo."

Latifa anachota kijiko.