Kiti Kisicho na Kura

Swali lililonivunja lilikuwa fupi. "Kama Spika wa Seneti hana kura," aliuliza mmoja wa wasomi waliokuwa wakilipima pendekezo langu la utafiti, "ana nini basi?"

Jambo hilo ndilo nililokuwa nikilisomea. Nilijua jinsi Seneti ya Kenya ilivyovunjwa miaka michache baada ya uhuru, ikarudishwa na katiba mpya; jinsi Spika wake anavyochaguliwa na maseneta ilhali yeye mwenyewe si seneta; na jinsi anavyotofautiana na mwenzake anayeongoza Seneti ya Marekani, yaani makamu wa rais, ambaye hupiga kura pale tu pande mbili zinapolingana. Majibu kadhaa yalinijia kwa pamoja. Nikaanza kuyapima lipi ni sahihi zaidi, na nikiwa bado nayapima, muda ukaisha. Niliambiwa nirudi mwishoni mwa muhula. Nikishindwa tena, masomo yangu ya uzamivu pale Minneapolis yangeishia hapo.

Tangu siku hiyo niliogopa kusema mbele ya watu. Hata swali dogo la darasani niliandika kwanza jibu lake, nikalisahihisha, na nilipoinua kichwa mada ilikuwa imekwisha kubadilika.

Ndipo ukaja mkutano wa wazazi. Wakenya wa huku tuna darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Saint Paul, mji jirani, karibu na kituo cha treni, kwa sababu watoto wetu wanakielewa Kiswahili vizuri na kutujibu kwa Kiingereza. Wazazi wanaoishi Apple Valley, kitongoji cha mbali kisichofikiwa na treni, walitaka darasa lihamie kwao. Mwenyekiti alikuwa safarini, na bibi mmoja wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa, akaninyooshea kidole nishike nafasi yake.

"Si huyu hapa anayesomea mambo ya spika? Au huko chuoni anatazama picha tu?"

Nilikataa, tena kwa sababu zilizopangika. Hakuna aliyezisikiliza. Bibi alinishika mkono mmoja, na wa pili ukashikwa na muuguzi mmoja wa Apple Valley, ambaye ndiye aliyekuja kupambana na bibi huyo, wakanikokota hadi mbele.

"Jamani, huyu ni mzito kama gunia la mchele!" alisema muuguzi, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Katika mabunge yaliyorithi desturi za Kiingereza, Spika mpya hujifanya anagoma na huvutwa hadi kitini. Zamani mgomo huo haukuwa mchezo, kwa kuwa aliyepeleka maneno ya bunge kwa mfalme aliweza kuyalipia kwa kichwa chake. Nami sikuwa nikiigiza.

Niliketi, nikatoa kanuni moja: kila mtu azungumze nami, si na mwenzake.

"Mheshimiwa Spika," alianza muuguzi, "mimi natoka shifti asubuhi, nadraivu hadi huku kwa theluji, mtoto amelala nyuma. Kwa nini ni sisi tu kila wiki?"

Bibi alimgeukia. "Wewe una gari—"

"Niambie mimi, mama," nilimkatiza.

Alinitazama kama aliyepata jiwe kwenye wali. "Haya, wewe. Mwambie huyo kwamba wengine twapanda treni. Huko Apple Valley nitakwenda na nini, na ungo?"

Wakapiga kura. Mikono ikalingana.

"Spika aamue!" walipiga kelele upande huu na ule. "Mwanangu," bibi aliniambia kwa sauti tamu, "mimi wanijua."

Majibu mengi yalinijia tena, lakini safari hii lilikuwamo moja nililoweza kulisema. "Kiti hiki hakina kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Darasa linabaki hapa."

Muuguzi alichukua koti lake.

"Hoja hiyo haitarudi leo," niliendelea. "Kama kuna nyingine, nasikiliza."

Alisimama, mkono mmoja ndani ya koti, akifikiri. Kisha akasema: majira ya baridi tubaki hapa, majira ya joto twende kwao, na wenye magari wawachukue wengine kituoni. "Huyu mama nitambeba mimi mwenyewe."

"Kiti cha mbele," alisema bibi. "Na asinipigie muziki."

"Niambie mimi, mama."

"Si nakwambia wewe! Mwambie asinipigie muziki!"

Hakuna mkono uliobaki chini.

Mwishoni mwa muhula, msomi yule aliniuliza swali lile lile. Sikupima kitu.

"Ana imani ya aliyeshindwa," nilijibu. "Spika akipiga kura, aliyeshindwa ameshindwa na Spika pia. Asipopiga, aliyeshindwa bado ana mtu wa kumwomba nafasi ya kusema tena."

"Na huyu wetu wa Marekani, anayepiga kura?"

"Yeye ndiye sura ya tatu ya tasnifu yangu."

Alicheka, akaandika kitu, na kabla ya adhuhuri niliitwa ndani na kupewa mkono na kila mmoja wao. Nilikuwa nimefaulu.

Jumamosi iliyofuata wazazi walikuwa na mkutano tena, na kiti kilikuwa kikinisubiri mbele. Bibi alikunja mikono ya baibui lake.

"Leo tukukokote?"

"Leo nakwenda mwenyewe, mama," nilimwambia, nikapita katikati yao, nikaketi.