Poda Siku ya Kuchoma

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, mama alifariki, nikaanza kufinyanga vyungu ili wadogo zangu wale. Shule niliishia darasa la pili. Nayasema haya mapema mjue kwamba udongo naujua, maana aibu niliyoipata mwaka jana hapa Matema haikuwa ya mtu asiyejua, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku hizi nafinyanga maumbo: kambale, konokono wa ziwani, matunda ya kakao. Mwenye nyumba ya wageni moja ya ufukweni alitaka umbo la kuweka getini kwake, nami nikamfinyangia tunda la kakao linalonifika kiunoni, kikonyo chake nikakijaza udongo mtupu, kinene kama mkono wa mwanamume (nilitaka lionekane zito). Akasema atakuja na wageni wake waone likichomwa, wapige picha. Basi nikavaa kitenge kipya, nikajipaka poda, nyeupe pee, mtu wa umri wangu!

Sisi kabla ya kuchoma huweka shavu kwenye chombo. Ukisikia baridi, ndani bado kuna maji, na chenye maji hupasuka motoni. Wifi yangu Tumpe, ambaye vyungu vyake na konokono wake mmoja vilikuwa vinaingia moto uleule, akaninong'oneza, "Wifi, umeweka shavu? Mvua imenyesha wiki nzima hii."

"Poda itafutika."

"Si ifutike!"

"Tumpe, nilianza kufinyanga wewe hujazaliwa. Washa!"

Tukawasha kuni na nyasi. Wageni wakasogea, mimi nikasimama mbele kabisa, mikono kiunoni, nikiichekea kamera, na hapo hapo kikonyo kikalia paa! kama bunduki, tunda lote likafuata, vigae vikaruka, wageni wakakimbilia ziwani na viatu vyao, mimi nikarudi kinyumenyume nikakaa kwenye rundo la udongo mbichi, majivu yakaganda juu ya poda.

"Mama, ndivyo huwa?" mgeni mmoja akauliza kutoka majini.

Vyungu vya Tumpe vilipasuka vyote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Moto ulipozimika alichokoa majivu, akamtoa konokono wake, mzima, mwekundu. Mwenye nyumba akampokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mama," akamshukuru, akaenda kumweka konokono huyo getini kwake. Nampita kila nikienda sokoni.

Vyungu vya Tumpe nilivifinyanga upya kimoja kimoja, na kila kimoja nilikiwekea shavu huku yeye amesimama ananitazama.

Leo nina nyumba ya bati, mikakao nyuma yake, mbuzi wanne na kibanda cha kufinyangia. Poda sina.