Cheo cha Idarousse

Idarousse wa Mutsamudu alikuwa na majivuno hata kabla hajapata cha kujivunia. Alikulia Unguja, akaokota Kiingereza huko, na aliporudi Komoro akakuta hakuna mwenye haja nacho; ofisini wote Kifaransa. Mwaka 1978 wakaja mamluki, Wazungu wa kukodiwa, wakapindua serikali na kukaa Moroni kana kwamba ni kwa mama yao. Mmoja wao alikuwa Mwingereza. Idarousse akamkimbilia kama nzi kwenye kidonda, akapewa kazi: kumtafsiria sokoni, kumpigia pasi, kumsafishia viatu.

Mwingereza hakumwita kwa jina. Alimwita knave, na kila akiita, wenzake hucheka. Idarousse alipouliza maana, akaambiwa ni neno la kale, la enzi za wafalme. Hakuuliza zaidi. Moroni nzima ikatangaziwa kwamba amepata cheo.

Cheo hicho akakivusha bahari hadi Mutsamudu alikokwenda kumposa Moinafouraha, binti wa muuza nguo. Mbele ya wazee, kahawa haijapoa, akaanza: "Mnaniona hivi, kwa Wazungu naitwa knave."

Mjomba wa binti, Mroudjae, alikuwa akifundisha Kiingereza shuleni. Akaweka kikombe chini.

"Unajua asili yake?"

"Ya kifalme, Fundi," akasema Idarousse, maana ndivyo walimu wanavyoitwa kule.

"Asili yake ni mtoto wa kiume, basi. Halafu likawa boi wa nyumbani. Halafu, kwa kuwa mabwana hawawaamini maboi wao, likawa mlaghai asiye na haya. Kwenye karata ndiye ghulamu."

Mzee mmoja alicheka hadi akamwaga kahawa. Idarousse hakukubali kushindwa.

"Mimi ananiita kwa maana ile ya kwanza. Ananipenda kama mwanawe."

"Kwani yeye ana umri gani?"

Idarousse akainamia kikombe chake. Mwingereza yule alikuwa mdogo kwake.

"Usihuzunike," akasema Mroudjae. "Yeye naye Waswahili humwita mamluki, na Kiarabu cha chuo cha Kurani unakijua: mtu aliyemilikiwa."

Ajabu ni kwamba posa haikukataliwa. Moinafouraha alimtumia ujumbe: aache kazi ile, dukani kwa baba yake kuna nafasi. Idarousse akasema anakwenda Moroni kuaga. Alipofika tu langoni, "Knave!" Akaitika, tena mbio, na hakuaga.

Tena akaanza kumwita hivyo bawabu, Combo wa Ikoni. Combo hakujua Kiingereza hata chembe, lakini dharau haitaki kamusi. Akamzaba kofi.

Moinafouraha aliolewa na mshona kofia. Watu walipomuuliza kama ni lile neno lililomchukiza, alisema, "Neno nililisamehe. Alijua maana yake, akarudi kuliitikia."

Mwishoni mwa 1989 mamluki wakaondoka, Mwingereza akiwa miongoni mwao, bila kuaga. Idarousse alizisikia habari hizo redioni, kama sisi wengine.