Kigingi cha Chuma Kando ya Chemchemi

Katika utoto wangu, kwetu nje kidogo ya Amukura, hakuna aliyethubutu kutumbukiza chuma katika chemchemi iliyokuwa chini ya shamba la bibi. Tulichota kwa kibuyu. Sufuria yenye masizi ikigusa maji yale, tuliambiwa, chemchemi ingeudhika na kuhama usiku huohuo, na kijiji kizima kingebaki na matope. Bibi yangu, ambaye sisi Wateso humwita tata, hakuwa na mzaha kwa jambo hilo. Masikio yangu yanamkumbuka vizuri.

Kisha wakaja watu wa ile minara mikubwa ya umeme unaovuka mpaka. Kijana aliyepima njia yao alipigilia kigingi cha chuma karibu kabisa na maji. Hapo ndipo mguu mmoja wa mnara ungesimama. Majirani walishika vichwa. Wengine walitaka kumfukuza. Tata akawakataza, akaleta chungu cha ajono, pombe ya wimbi tunayokunywa pamoja kwa mirija mirefu.

"Kijana, keti kwanza," alimwambia. "Mambo ya shamba hayaongelewi watu wakisimama."

Maskini mgeni, alikuwa na kiu. Aliketi, akavuta mrija, akaisifu pombe. Hakujua mila ya kwetu, kwamba aliyekunywa nawe chungu kimoja hawezi tena kukuharibia boma. Tata alingoja aushushe mrija.

"Sasa wewe ni mtoto wa hapa. Haya maji ni yako pia. Ukitaka kuyafukuza na hiyo chuma, fukuza."

Kijana alicheka. Hakuna aliyecheka naye. Akatazama chungu, akawatazama akina mama waliosimama na mitungi yao, na uso wake ukabadilika.

"Lakini mama, lazima mnara ikae mahali. Nikitoa hapa, inaingia kwa wimbi yako."

Wimbi lile lilikuwa karibu kukomaa, na tata hakuwa na shamba lingine. Aliligeukia, akalitazama toka mwanzo hadi mwisho.

"Wimbi nitaomba jirani kipande, nipande," akasema. "Maji nitaomba nani?"

Kijana alikwenda akang'oa kigingi kwa mikono yake mwenyewe. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake. Namshukuru hadi leo, popote alipo.

Sasa mimi ni mama wa watu, wakala wa forodha pale Malaba, na kila niendapo nyumbani nazisikia nyaya zile zikivuma mahali palipokuwa na wimbi. Tata hakuwa na wakili. Alikuwa na imani yake na chungu chake, na aliyekatwa mazao ni yeye, si sisi. Nashukuru sana kwamba hakungoja tumwelewe kwanza.

Juzi binti yangu aliniuliza kama kweli chemchemi huhama. Nilimwambia sijui. Ya kwetu haijawahi kupewa sababu.