Nyumba Waliyoipita

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani, na leo nakusimulia kwa sababu jana uliniudhi. Uliniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu ukasema mbele ya wageni kwamba wasiosoma ndio wanaoirudisha nchi nyuma, chama chao kinajulikana. Nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Leo sinyamazi.

Nilikuwa mke mgeni hapa Ilongero, nina mimba ya miezi saba, shule niliishia darasa la pili. Ilikuwa wakati wa kampeni, tunapiga alizeti kwa fimbo uani, wakapita vijana wa chama kimoja bila kusimama. "Hapo hawajasoma, ni wetu hao." Baadaye wakaja wa chama kingine, nao wakapita. "Hapo hawajasoma, tusipoteze muda." Ebo! Na mimi nilikuwa na swali langu, maana zahanati yetu haikuwa na mkunga, na niliogopa kufa.

Nikabaki nalalamika. Bibi yako, mama mkwe wangu, akatupa fimbo chini. "Unasubiri waje wakuulize? Miguu si unayo? Nenda!"

Nikaenda mikutano yote miwili. Wa kwanza wakaniambia nikae, kanga zinakuja. Wa pili, mgombea wao msomi kweli kweli, akatabasamu: "Mama, una elimu gani?"

"Sina elimu, nina mimba. Mkunga anakuja lini?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nikampa nani kura? Hata baba yako hajui mpaka leo.

Mkunga hakuwahi. Ulizaliwa wewe kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda mjini, nimeuma kitenge. Nilipopona nikarudi kuuliza, mkutano hadi mkutano, mpaka mkunga akaletwa. Wadogo zako wote wamezaliwa kitandani.

Soma, mwanangu, soma mpaka uchoke. Lakini usimpangie mtu kura yake kwa darasa aliloishia. Wenye digrii wamo vyama vyote, na sisi wa darasa la pili hali kadhalika. Ukifika kwa mtu ingia, msalimie, muulize anataka nini. Na wewe usipoulizwa, simama uulize.

Siku ya kura twende wote kituoni, ila kwenye kituturi naingia peke yangu. Mungu akulinde, akupe sauti isiyotetemeka, na ukipata cheo huko mjini akuzuie usiipite nyumba kama ya mama yako.